Mchakamchaka, Moyo na Nia

Asubuhi, kabla ya masomo kuanza, wanafunzi wa shule nyingi za Tanzania hukimbia mchakamchaka. Hujipanga mistari, mmoja huongoza wimbo, wengine huitikia, na miguu yote hufuata mdundo mmoja. Baada ya kuuzunguka uwanja mara kadhaa, baadhi yao bado wanaimba kwa sauti kubwa. Wengine wamenyamaza, vinywa wazi, wakitafuta pumzi. Na aghalabu wako mmoja au wawili walioachwa nyuma kabisa, ambao wenzao huwacheka.

Kwa nini watoto wa umri mmoja, wanaosoma darasa moja, wasilingane? Je, yule wa nyuma ameumbwa dhaifu, naye atabaki hivyo siku zote? Katika somo hili tutatafuta jibu. Tutachunguza jinsi moyo na misuli inavyofanya kazi wakati wa mbio, jinsi inavyobadilika ikizoezwa, na jinsi ubongo nao unavyoweza kuzoezwa.

MOYO ULIOTULIA

Kunja ngumi yako uitazame. Moyo wako una ukubwa unaokaribia ngumi hiyo. Ni msuli wenye vyumba vinne ndani yake, na kazi yake ni kusukuma damu. Upande wa kulia husukuma damu kwenda mapafuni. Huko damu hutoa hewa ya kabonidayoksaidi na kupokea oksijeni. Damu hiyo hurudi katika upande wa kushoto wa moyo, nao huisukuma kwa nguvu iende mwilini kote, toka utosini hadi nyayoni.

Kila moyo unaposukuma damu, mishipa mikubwa hutanuka kidogo. Mtanuko huo ndio tunaouhisi kama pigo.

Jaribio la 1. Tafuta saa yenye mshale wa sekunde. Keti kimya kwa dakika tano. Kisha weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, juu ya kifundo cha mkono wako wa pili, upande wa kiganja, chini kidogo ya shina la kidole gumba. Bonyeza polepole mpaka uhisi pigo. Usitumie kidole gumba, kwani nacho kina pigo lake linaloweza kukuchanganya. Hesabu mapigo kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa 2. Andika jibu lako katika daftari.

Mwanafunzi wa umri wako, akiwa ametulia, kwa kawaida hupata mapigo kati ya 70 na 100 kwa dakika. Usishangae endapo hulingani na jirani yako. Watoto wana mapigo mengi kuliko watu wazima, na hata watoto wenyewe hutofautiana.

Sasa nendeni uwanjani. Kimbieni kwa dakika tatu, msimame, na kila mmoja ahesabu mapigo yake papo hapo kwa sekunde 15 tu, kisha azidishe kwa 4. Mnahesabu kwa muda mfupi kwa sababu moyo huanza kutulia mara tu mnaposimama. Wengi wenu mtapata hesabu inayozidi 140, na wengine itapita 160.

KWA NINI MOYO HUENDA MBIO

Mmewahi kupepea jiko la mkaa. Mkaa ukikosa hewa huwaka kwa unyonge. Ukiupepea, hupata oksijeni nyingi zaidi, nao huwaka na kutoa joto kali. Ndani ya misuli yako hakuna moto wala mwali, lakini jambo linalofanana na hilo hutendeka. Sukari iliyotokana na chakula huungana na oksijeni, ikatoa nguvu na joto. Takataka zake ni maji na kabonidayoksaidi.

Unapokimbia, misuli ya mapaja huhitaji oksijeni mara nyingi zaidi kuliko unapoketi. Ubongo hutambua hali hiyo, ukauamuru moyo uongeze mapigo na mapafu yaongeze pumzi. Mishipa ya damu iendayo miguuni hutanuka. Ile iendayo tumboni husinyaa kidogo, kwa kuwa kazi ya kusaga chakula yaweza kungoja. Ndiyo maana anayekimbia mara baada ya kula ugali wa kushiba hujisikia vibaya, na huweza kupata kichomi ubavuni. Ikikutokea hivyo, punguza mwendo, vuta pumzi ndefu, nacho kitapoa.

Joto nalo lazima litoke. Mwili hutoa jasho, jasho hukauka juu ya ngozi, na ngozi hupoa. Maji yaliyotoka kwa njia hiyo hayana budi kurudishwa. Kunywa maji safi kabla na baada ya mbio, hasa katika miezi ya joto na kwa wanaoishi pwani. Huko hewa huwa na unyevu mwingi, na jasho hukawia kukauka.

MOYO ULIOZOEZWA

Hebu tufanye hesabu kidogo. Tuchukue mtu mzima ambaye hafanyi mazoezi. Akiwa ametulia, moyo wake hupiga mara 70 kwa dakika, na kila pigo hutoa mililita 70 za damu. Kwa dakika moja moyo huo husukuma mililita 4,900, yaani karibu lita 5.

Tuchukue mtu mzima mwingine, aliyezoea kukimbia kwa miaka kadhaa. Chumba cha kushoto cha moyo wake kimepanuka, na msuli wake umepata nguvu. Kila pigo hutoa mililita 100. Ili kusukuma lita 5 zile zile, moyo wake unahitaji mapigo 50 tu kwa dakika.

Moyo wa kwanza hupiga mara 100,800 kwa siku nzima. Moyo wa pili hupiga mara 72,000. Huo wa pili umepunguziwa mapigo 28,800 kila siku, na kazi yote ya mwili imefanyika! Tena siku ya kukimbizana na basi, au ya kupanda mlima na mzigo, moyo wa pili una akiba kubwa ambayo wa kwanza hauna.

Misuli nayo hubadilika. Ndani ya msuli uliozoezwa huota mishipa mipya ya damu iliyo myembamba kuliko unywele. Mishipa hiyo huitwa kapilari. Ndani ya kila seli ya msuli mna viungo vidogo mno vinavyotengeneza nguvu kutokana na sukari na oksijeni. Viungo hivyo huitwa mitokondria, na huongezeka idadi kadiri mtu anavyozoea mbio. Mifupa pia huimarika inaposhtuliwa kwa kuruka na kukimbia. Umri wenu ndio umri mzuri wa kuijenga mifupa.

Basi tumekwisha kupata sehemu ya jibu letu. Ni kweli kwamba watu hawakuzaliwa sawa, na wengine wana moyo mkubwa au miguu mirefu toka mwanzo. Lakini mtoto anayetembea kilomita nne kwenda shule kila siku na kurudi, au anayeteka maji mtoni, amekuwa akifanya mazoezi miaka mingi bila kuyaita hivyo. Mwenzake aletwaye shuleni kwa gari hajapata nafasi hiyo. Anayecheka huyo wa nyuma anacheka mwili ambao bado haujazoezwa, na mwili huo waweza kuzoezwa.

KIDOGO KIDOGO, NA MAPUMZIKO

Hapa wengi hukosea. Mwanafunzi husikia habari za wakimbiaji mashuhuri, akaamka siku ya Jumamosi, akakimbia mpaka akaanguka. Jumapili hawezi hata kushuka ngazi. Jumatatu ameacha.

Mwili haupati nguvu wakati ule ule wa kukimbia. Wakati wa mbio misuli huchoka, akiba ya sukari hupungua, na nyuzi nyingine za msuli huumia kidogo. Baadaye, mtu akila na kulala, mwili hutengeneza kilichochoka na kukiongezea nguvu kidogo kuliko kilivyokuwa. Asiyepumzika huikatiza kazi hiyo kabla haijaisha. Naye anayekaa majuma mengi bila kufanya lolote huipoteza faida yote, kwa kuwa mwili hautunzi kitu kisichotumika.

Usingizi ni sehemu ya mazoezi. Mtoto wa umri wako huhitaji kulala saa 9 hadi 12 kila usiku. Katika usingizi mzito mwili hutoa kwa wingi homoni ya ukuaji, inayosaidia kujenga mifupa na misuli. Ubongo nao hupanga na kuhifadhi yale uliyojifunza mchana. Anayekesha akitazama televisheni au simu huharibu mazoezi yake na masomo yake kwa pamoja.

Chakula hakihitaji kuwa cha gharama. Ugali, wali, viazi na ndizi hutoa nguvu. Maharage, dagaa, maziwa, mayai na karanga hutoa protini ya kujengea misuli. Mchicha, kisamvu, maembe na machungwa hutoa vitamini na madini. Madini ya chuma, yanayopatikana katika maharage, nyama na mboga za majani, yanahitajika sana, kwani bila hayo mwili hauwezi kutengeneza damu ya kutosha kuchukua oksijeni. Mtoto mwenye minyoo ya safura hupoteza damu tumboni, akachoka upesi hata akifanya mazoezi kwa bidii. Mtoto wa namna hiyo anahitaji dawa ya minyoo na viatu.

Je, mazoezi kiasi gani yanatosha? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wautumikishe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Siyo lazima dakika hizo zifuatane. Mchakamchaka, rede, mpira, kuruka kamba, kulima bustani na kutembea kwa haraka, vyote huhesabiwa.

Kuhusu mwendo, mchakamchaka wenyewe umetupa kipimo kisichohitaji saa. Ukiweza kuuongoza wimbo wote bila kuhema, mwendo wako ni mdogo. Ukiweza kuitikia lakini huwezi kuongoza, mwendo unakufaa. Ukishindwa hata kuitikia, umepita kiasi chako cha siku hiyo. Punguza.

WAKIMBIAJI WAWILI

Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand, Mtanzania Filbert Bayi alikimbia mbio za mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32 na sehemu mbili za kumi. Hakuna mtu duniani aliyekuwa amekimbia umbali huo kwa kasi hiyo. Wakimbiaji wengi wa mbio hizo hujificha nyuma ya wenzao, kisha huchomoka mwishoni. Bayi alitoka mbele tangu mwanzo, akabaki mbele mpaka utepe. Mwili usioandaliwa haungeweza kustahimili mwendo kama huo hata mizunguko miwili. Mwaka 1980 mjini Moscow alipata medali ya fedha ya Olimpiki katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji.

Mkimbiaji wa pili ni John Stephen Akhwari. Mwaka 1968 aliiwakilisha Tanzania katika mbio za marathoni za Olimpiki huko Mexico City. Mji huo uko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Mahali palipo juu hivyo hewa ni nyepesi, na kila pumzi huleta oksijeni pungufu, kwa hiyo moyo hulazimika kupiga kwa haraka zaidi. Katika mbio hizo Akhwari alianguka, akaumia goti vibaya. Alifungwa bandeji, akaendelea. Watu 75 walianza mbio hizo, na 18 hawakumaliza. Akhwari alifika wa 57, yaani wa mwisho miongoni mwa waliomaliza, kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa amefika zaidi ya saa moja kabla yake.

Hatusimulii habari hii ili mtoto aliyeumia goti alazimishe kukimbia. Akhwari alikuwa mtu mzima, mkimbiaji wa taifa, na alijua alichokuwa akikifanya. Mtoto aliyeumia asimame na kumwambia mwalimu. Tunaisimulia kwa sababu inaleta swali ambalo moyo na misuli peke yake haviwezi kulijibu. Nia ya mtu hutoka wapi?

UBONGO NAO HUZOEZWA

Wengi hudhani kwamba nia ni kipawa, kwamba wengine wamepewa nyingi na wengine wamenyimwa. Wataalamu wa ubongo wametuonyesha jambo jingine. Ubongo una mabilioni ya seli za neva, nazo hupelekeana habari. Seli zinazotumika pamoja mara kwa mara huimarisha njia iliyo kati yao. Njia hiyo ni kama njia ya miguu katika nyasi. Apitaye mara moja haachi alama, lakini wakipita kila siku, njia huonekana, na mguu huifuata wenyewe.

Hivyo ndivyo mazoea yanavyoundwa. Siku za kwanza kuamka alfajiri ni vita. Baadaye mwili huamka kabla ya kuitwa. Hapo huhitaji nia kubwa tena, maana zoea limeichukua kazi yake.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha London walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya watu 96. Kila mmoja alichagua tendo moja dogo, kama vile kunywa maji, kula tunda au kukimbia, akalifanya kila siku kwa wakati ule ule. Kwa wastani tendo lilichukua siku 66 kuwa zoea, lakini tofauti zilikuwa kubwa. Kwa wengine zilitosha siku 18, na kwa wengine watafiti walikadiria hata siku 254. Mazoezi ya mwili yalichukua muda mrefu kuliko kunywa maji. Tena waliona kwamba aliyekosa siku moja hakurudi mwanzo. Aliendelea kesho yake, na zoea likazidi kujengeka. Jambo hili ni muhimu sana, maana wanafunzi wengi huacha kabisa kwa sababu ya kukosa siku moja.

Ukitaka kuanza zoea, lifunge kwenye tendo ulilokwisha kuzoea. Usiseme tu, "Nitafanya mazoezi." Sema, "Nikimaliza kupiga mswaki, nitaruka kamba mara 30." Mswaki utakukumbusha. Wakati wa mbio, usiufikirie uwanja wote. Chagua mti ulio mbele yako, ufikie, kisha chagua mwingine. Njia hiyo hiyo yafaa katika kuhesabu au kusoma kitabu kirefu.

TAHADHARI

Wako wanafunzi ambao haifai kuwashurutisha kukimbia kama wengine. Mwenye selimundu anahitaji maji mengi na mapumziko ya mara kwa mara. Mwenye pumu awe na dawa yake karibu. Mtu akisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu, au akizimia wakati wa mbio, asimame mara moja na apelekwe kwa mganga. Kadhalika usidharau maumivu ya koo yenye homa. Baadhi yake huletwa na bakteria ambao, wasipotibiwa, wanaweza baadaye kusababisha ugonjwa unaoharibu vali za moyo. Ugonjwa huo huwapata hasa watoto wa umri wa shule.

Jaribio la 2. Chora jedwali lenye safu nne: tarehe, mapigo ya kutulia, mapigo mara baada ya kukimbia dakika tatu, na mapigo baada ya kupumzika dakika mbili. Jaza jedwali kila Ijumaa kwa majuma sita, huku mkikimbia mchakamchaka siku nne kwa juma. Itazameni hasa safu ya mwisho. Moyo unaopata nguvu hutulia upesi baada ya kazi, na badiliko hilo aghalabu huonekana mapema kuliko badiliko la mapigo ya kutulia. Usilinganishe jedwali lako na la mwenzako. Linganisha juma lako la kwanza na la sita.

MASWALI

1. Kwa nini hatutumii kidole gumba kuhesabu mapigo?

2. Moyo wa mkimbiaji hupiga mara 55 kwa dakika, na kila pigo hutoa mililita 90. Husukuma mililita ngapi kwa dakika?

3. Eleza kwa nini Mexico City ni mahali pagumu kwa mkimbiaji aliyetoka pwani.

4. Mwanafunzi alikimbia siku kumi mfululizo. Siku ya kumi na moja mvua ilinyesha, asikimbie. Ungemshauri nini, na kwa nini?

5. Katika jedwali lako la majuma sita, ni safu ipi iliyobadilika zaidi? Kama hakuna iliyobadilika, chunguza usingizi wako, chakula chako na siku ulizokosa, kisha andika unachodhani kuwa ndicho chanzo.